Amplifaya ya mjomba inanivunja mgongo, naogopa kumwambia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mpiga gitaa, naishi Mbagala na mke wangu na watoto wawili. Zamani nilikuwa kwenye bendi ya dansi, zile za watu kumi na kitu jukwaani, vyombo vinatangulia kwa Canter na sisi tunafuata na gitaa begani tu. Bendi ilivunjika. Sasa tumebaki watatu: mimi, dada mmoja anayeimba, na kijana wa tumba. Ijumaa tunapiga kwenye hoteli moja Masaki watu wakila, katikati ya wiki tunapata kicheni pati za Sinza na Tabata, na mara mojamoja harusi za nje ya mji.

Kinachonisumbua ni amplifaya. Ni Fender Twin Reverb ya zamani, ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani. Nilipewa na mjomba wangu alipoacha muziki. Aliinunua kwa baharia bandarini, enzi ambazo kitu kama hicho hukikuti dukani, akapiga nayo mpaka alipostaafu. Siku ya kunikabidhi aliita ndugu, akasema mbele yao: "Hii usiiuze, na usiiache nyumbani." Sijaiuza, na sijawahi kuiacha nyumbani.

Lakini Shangazi, ina kilo kama 29. Na kwa kuwa ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120, bila transfoma ya kushusha umeme itaungua, na hiyo transfoma nayo ni chuma kitupu. Weka gitaa, weka begi la waya. Bodaboda anacheka akiniona. Konda wa daladala ama ananitoza siti ya pili ama anapiga kofi gari liondoke. Basi nachukua bajaji. Posho yangu ya hotelini ni sh. 80,000, na bajaji ya kwenda na kurudi usiku inakula karibu sh. 40,000. Juzijuzi nikiwa naishusha kwenye ngazi za ukumbi kiuno kilikaza hapohapo, nikashindwa kunyooka. Daktari amenikataza kubeba vitu vizito. Mke wangu yeye anasema: "Uza hilo dude tulipe ada."

Meneja wa hoteli naye kila Ijumaa ananiletea mhudumu na kikaratasi: "Punguza gitaa." Nimeweka sauti kwenye mbili, Shangazi! Nikishuka chini ya hapo ile sauti yenyewe inakufa, inakuwa nyembamba.

Ushauri wa marafiki umenichanganya zaidi. Mmoja anasema nitafute spika ya betri yenye tundu la gitaa. Mwingine anasema ninunue pedali, kile kiboksi cha miguuni kinachoiga amplifaya, nichomeke moja kwa moja kwenye mixa ya hoteli. Kijana wetu wa tumba anasema simu inatosha, na kwenye bethidei moja tukaunga gitaa kwenye simu, simu kwenye sabufa yake kwa bluetooth. Nikigusa uzi, sauti inatoka baadaye. Nilikuwa napiga solo huku solo inanifuata nyuma.

Mwezi ujao binti ya mjomba anaolewa Bagamoyo na sisi ndio tunaopiga. Mzee atakaa mbele. Nikiingia na kiboksi nilichokishika mkono mmoja, ataniona nimemtupa. Na tuseme ukweli, mimi mwenyewe naogopa kuwa sauti ile nikiiacha sitaipata pengine. Nifanye nini?

Mpiga Solo, Mbagala

*

Marahaba mwanangu. Na pole na kiuno, maana hicho ndicho cha kwanza kuliko sauti yoyote.

Nimeisoma barua yako nikaona umefunga mambo matatu kwenye fundo moja. Kuna mgongo na posho, ambavyo vinataka kitu chepesi. Kuna sauti, ambayo unaogopa kuipoteza. Na kuna neno la mjomba, ambalo umelibeba kwa uzito uleule wa kilo 29. Unatafuta chombo kimoja kifungue yote matatu. Sijui kama kipo, lakini tukiyachambua moja moja huenda ukaona nafasi ya kupita.

Nianze na mjomba, kwa sababu naona ndiye anayekuzuia usingizi kuliko hiyo hoteli. Umelielewa neno lake kuwa ni amri: kila unapopiga, amplifaya iwepo. Uliwahi kumuuliza alimaanisha nini? Mimi kabla ya kukaa kujibu barua nilikaa miaka mingi nyuma ya mixa kwenye kumbi za Dar, na kizazi cha mjomba wako nakifahamu. Bendi nyingi za dansi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Ukihama, unahama na vidole vyako tu. Mtu wa wakati huo aliyekuwa na amplifaya yake mwenyewe, tena ya aina hiyo, alikuwa na uhuru ambao wenzake hawakuwa nao. Kwa hiyo "usiiuze, usiiache nyumbani" inaweza kuwa ni kusema: usirudi kuwa mtu asiye na chombo chake. Au inaweza kuwa ni vile ulivyoelewa. Anayejua yuko hai, na simu anayo. Mpigie kabla ya harusi, tena umweleze habari ya kiuno kwanza. Wazee wengi wa muziki nao wana viuno vyao.

Sasa tuje kwenye sauti, na hapa naomba univumilie, maana ndipo ninapopapenda.

Twin Reverb ilitoka mwaka 1963. Miaka ile mitambo ya ukumbini ilikuwa ya kubeba sauti ya mwimbaji, basi. Gitaa lilitakiwa lijifikishe lenyewe mpaka ukuta wa nyuma. Ndiyo maana ikapewa wati 85 na spika mbili za inchi 12, na ndiyo maana ni nzito. Ilijengwa iizidi dramu na tarumbeta. Wewe hapo Masaki una tumba moja na watu wanaokata samaki. Ukichanganya na NEMC, baraza la mazingira, kuwafungia watu baa kwa ajili ya kelele, meneja wako hana sababu ya kukuonea huruma.

Usidanganyike na hesabu ya wati, kwa sababu ndiyo wauzaji wanayokamatia watu. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), tofauti ambayo mlaji mezani haigundui sana. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati kama mara kumi, kwa spika zilezile. Maana yake wati 10 zilizo nzuri ni kama nusu ya sauti ya wati 100. Kwa chumba cha chakula hiyo ni sauti nyingi. Na ukiona sabufa ya Kariakoo imeandikwa maelfu ya wati za PMPO, zile za matangazo, ubavuni, hiyo ni rangi ya kupendezesha tu.

Unasema sauti ile huipati pengine. Nakuuliza kwa upole: ni sauti gani hasa? Kinachowafanya watu watafute valvu kwa udi na uvumba, mara nyingi, ni namna zinavyokwaruza zikizidiwa. Gitaa la dansi halikwaruzi. Solo ya dansi, rumba, hata benga, ni sauti safi yenye mwangwi kidogo, kila nota isikike peke yake hata kwenye chemko. Sauti safi ndiyo rahisi zaidi kupatikana bila valvu. Roland walitoa Jazz Chorus JC-120 mwaka 1975, ya transista tupu, haina valvu, na imeshika sifa mpaka leo kwa usafi wake. Nayo ina kilo 28, sikushauri! Nimeitaja uone tu kwamba utamu huo haukai kwenye vioo peke yake. Sehemu kubwa iko kwenye vidole vyako na gitaa lako. Ile sehemu iliyobaki ya Twin, mwangwi wa springi na ule uzito wa spika mbili kifuani, hiyo ni kweli utaikosa kidogo. Sitakuficha.

Amplifaya yako inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inaipika sauti ya gitaa, halafu inaisukuma hewani. Vile ulivyoambiwa na marafiki zako vinatenganisha kazi hizo. Pedali inapika, haisukumi. Spika ya betri inasukuma, na ni baadhi tu zinazojua kupika gitaa. Ndiyo maana wote wawili wanaonekana kusema kweli na bado wewe umechanganyikiwa.

Tuchukue pedali. Si jambo la watoto wa juzi kama mjomba anavyoweza kudhani. SansAmp, kiboksi cha kuiga amplifaya, kilitoka mwaka 1989, na kingine, POD cha kampuni ya Line 6, mwaka 1998. Leo kitu kama Boss GT-1 kina kilo 1.3 na kinatembea kwa betri nne za AA, zile za saa ya ukutani. Unakitia kwenye begi la gitaa, unapanda daladala kama abiria yeyote. Kitu kimoja ukikague: lazima kiwe kinaiga na spika pia, siyo amplifaya peke yake. Spika ya gitaa hukata sauti kali za juu, kwa kawaida kuanzia kama kilohezi 5, lakini spika za hotelini hupitisha zote. Ukiacha kuwasha hiyo sehemu na ukaweka hata mkwaruzo kidogo, utasikia nyuki ndani ya kopo. Na gitaa lenyewe usilichomeke tupu kwenye mixa hata siku moja. Gitaa la umeme lisilo na betri ndani linataka tundu lililotengenezwa kwa ajili yake. Tundu la kawaida la mixa linalinyonya, sauti inafubaa, halafu unamlaumu fundi.

Hatari ya njia hii ni kwamba unakabidhi mkate wako kwa mtu mwingine. Fundi mitambo wa hoteli akiwa na simu sikioni, gitaa lako liko mikononi mwake. Kama hakuna spika ya jukwaani inayowaelekea ninyi, utapiga bila kujisikia, na dada anayeimba hatajua ufunguo wa wimbo uko wapi. Halafu kuna zile kicheni pati za Tabata ambako mixa pekee iliyopo ni ya DJ, matundu yake madogo yale mekundu na meupe, na DJ mwenyewe ameinunia bendi tangu inaingia.

Hapo spika ya betri inaleta maana. Roland Cube Street EX ina wati 50, inatumia betri nane za AA, na uzito wake ni kama kilo 7 na nusu. Hii inajua gitaa, ina amplifaya za kuigiza ndani na tundu la maikrofoni, hivyo mwimbaji wenu naye anapata mahali. Bose S1 Pro ina kilo kama 7, betri yake ya ndani kampuni yenyewe inasema inafika saa 11, lakini hiyo imetengenezwa zaidi kwa sauti ya mtu na gitaa kavu. Gitaa la umeme ukilipitisha hapo bila pedali mbele yake, linatoka limenyooka mno, halina nyama. Watu wengi wanaishia kubeba vyote viwili, pedali na spika, na bado mzigo haufiki kilo 10. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, ninyi mnaendelea na DJ ananyamaza. Sikwambii ufurahie, lakini inatokea.

Nazo spika hizi zina matatizo yake. Betri za AA za bei ya chini, zile za kaboni, hazimalizi shughuli. Utahitaji alkalaini au za kuchaji, na gharama hiyo iingize kwenye hesabu. Betri ya ndani ya lithiamu huchoka kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo ukinunua iliyokwisha tumika muombe muuzaji uipige bila waya wa umeme, siyo dakika mbili. Kwenye uwanja wa wazi wa watu mia tatu, sauti itaishia meza za katikati. Na ukiiweka chini sakafuni utajisikia miguuni tu, ukaongeza sauti, na yule mhudumu akarudi na kikaratasi. Iweke juu ya kiti au stendi.

Kuhusu simu, sina mengi. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde na zaidi, na hapo hakuna sebene. Kwa waya inawezekana, ila nyingi za Android bado huchelewa kidogo, na shemeji akipiga katikati ya wimbo utajua mwenyewe. Nyumbani kwa mazoezi, sawa.

Turudi kwenye "dude". Mkeo amesema uliuze, lakini soma sentensi yake yote: amesema mlipe ada. Je, anachotaka ni amplifaya iondoke, au ni ile sh. 40,000 ya bajaji ibaki nyumbani kila Ijumaa? Hivi viwili vinaweza kuwa na majibu tofauti. Ukiacha kuibeba, fedha inaanza kurudi hata kabla hujaiuza. Ukiiuza, unapata fungu la mara moja, na neno la mzee unakuwa umelivunja moja kwa moja, hapo hakuna kutafsiri. Kuna watu wanaziacha amplifaya kama hizo kwenye studio ya kurekodia, zinakodishwa, wanagawana. Inawezekana pia, kama moyo unakubali mtu mwingine aiguse, na kama kuna maandishi. Hata Fender wenyewe mwaka 2019 walitoa Twin ya kidijitali, Tone Master, yenye kilo kama 15, karibu nusu ya hiyo yako. Ukiwaza mjomba atacheka kuona kitu chepesi, mwambie waliotengeneza yake nao wamechoka kubeba. Ila kwa mgongo wako kilo 15 bado ni mzigo, na bei yake si ya posho.

Vyovyote utakavyofanya, ikikaa muda mrefu bila kuwashwa, au ikianza kuvuma, usimpe fundi redio yeyote aifungue. Ndani mna zaidi ya volti 400, na kapasita zake zinaweza kuushika umeme huo hata ukishachomoa. Tafuta anayejua valvu.

Harusi ya Bagamoyo naitazama kwa njia mbili na siwezi kukuchagulia. Unaweza kuipeleka Twin siku hiyo. Ni harusi ya binti yake, pengine kuna gari la ndugu linaloelekea huko na vijana wawili wa kuinua, wewe usiiguse. Ingekuwa ni heshima, na kisha Ijumaa unarudi hotelini na kitu chepesi bila deni moyoni. Au unakwenda na chepesi, baada ya kuwa umeshazungumza naye, ili asishtukizwe mbele ya wakwe. Ya kwanza inaahirisha mazungumzo kama hutampigia. Ya pili inakutaka uwe umekizoea chombo kipya kabla, kwa sababu siyo usiku wa kutafuta swichi gizani. Wewe ndiye unayemjua mzee wako, mimi namsikia kwako tu.

Kabla ya kutoa hela, azima. Jiji hili lina wapiga gitaa wa hotelini wengi wenye vitu hivi, na wengi hawana kazi Jumatatu. Nenda na gitaa lako na waya wako, umwombe dada yenu aimbe pamoja nawe, kisha mmoja wenu asogee mpaka pale ambapo meza ya mwisho ingekuwa. Piga polepole kwanza, halafu nenda kwenye sebene lenyewe, usikilize kama nota za chini zinabaki. Na mkeo aende nawe, ajionee bei kabla hajaisikia kwako.

Shangazi